Wahasibu Wawili, Mama Mmoja

Kwa mama yao, kila mtoto alikuwa na lake. Mkubwa alikuwa na hesabu, mdogo alikuwa na sauti. Ndivyo alivyowatambulisha kwa wageni tangu wangali wasichana wa shule, na majina yakafuata sifa. Yule wa kwanza aliposomea uhasibu chuo kikuu, nyumba nzima ikaanza kumwita Mhasibu. Yule wa pili, aliyesomea muziki, akawa Kinanda.

Mhasibu hakuwahi kuulalamikia mgawanyo huo. Kinanda alijaliwa sura, kicheko, na ile namna ya kuingia chumbani watu wakasogeleana ili apate pa kukaa. Yeye alijaliwa kichwa. Alijua kwamba kwenye picha za familia yeye ndiye ambaye wageni humnyooshea kidole na kuuliza, "Na huyu ni nani?" Lakini mjomba akitaka kuuza kiwanja, binamu akitaka kufungua duka la dawa, au mama akiletewa ankara ya maji isiyoeleweka kichwa wala miguu, simu iliita kwake. Hilo lilimtosha.

Ilikuwa Jumapili alasiri, wamekaa sebuleni kwa mama, mama anakunja nguo zilizoanuliwa, Kinanda yuko sakafuni anamsaidia kwa shuka, ndipo Kinanda aliposema, kwa sauti ya mtu anayesema kesho atapita sokoni, kwamba amepata nafasi ya kusoma.

"Kusoma nini tena, mwanangu?" mama akauliza.

"Uhasibu, mama. Kuna kozi ya uzamili ya watu waliosomea mambo mengine. Wenzangu wamo wa kila namna, yuko mwalimu wa historia, yuko aliyesomea mimea, yuko hata daktari wa mifugo. Unasoma jioni, mwaka mmoja na nusu. Ukimaliza, unaingia mitihani ya bodi kama mhasibu mwingine yeyote."

Mhasibu alikuwa ameinua kikombe. Akakirudisha mezani bila kunywa.

"Mwaka mmoja na nusu," alisema.

"Ndiyo, dada. Wanatuanzisha chini kabisa."

"Sisi tulisoma miaka minne."

"Ndiyo maana naogopa." Kinanda akacheka. "Lakini si nina wewe?"

Mama akaiweka shuka mapajani. Uso ulimng'aa. "Hebu ona," alisema taratibu, "wahasibu wawili, tumbo moja."

Mhasibu aliutazama mng'ao ule. Aliufahamu vizuri. Ulikuwa wake siku ile alipovaa joho, na haikuwahi kumpitia akilini kwamba unaweza kutolewa mara ya pili, kwa mtu mwingine.

"Hongera," alisema, akacheka jino pembe.

Njiani kurudi nyumbani mumewe, ambaye alikuwa fundi wa majokofu na mtu wa maneno machache, alimtupia jicho mara mbili tatu.

"Umenuna."

"Sijanuna. Viatu vinanibana."

"Viatu hivyo unavivaa tangu mwaka juzi."

Ndipo yakamtoka. "Sauti anayo. Watu anao. Mama anaye. Mimi nilikuwa na kitu kimoja, baba watoto, kimoja tu, nacho anakuja kukichukua kwa kozi ya jioni."

"Hesabu si sufuria kwamba akiibeba yeye wewe utakosa pa kupikia."

"Wewe huelewi."

"Sielewi," mume akakubali, maana ndoa ilikwishamfundisha mahali pa kukomea.

Kinanda hakuingia kozi ile kwa kuchezea. Alikuwa amefundisha muziki shule ya sekondari mpaka shule ikalifuta somo. Wakampa kusimamia michezo, kisha wakamwambia hata michezo ina mtu wake. Tangu hapo alikuwa akiimba kwenye sherehe za watu, akisifiwa sana na kuitwa mara chache. Mhasibu aliyajua yote hayo, na alimhurumia mdogo wake kwa moyo safi. Kumhurumia Kinanda kulikuwa rahisi, na kwa siri kulikuwa na utamu wake. Kushindana naye ndiko asikokuzoea.

Kisha kulikuwa na jambo ambalo nyumbani hawakulijua. Mhasibu alifanya kazi kiwanda cha magodoro, katika ofisi ya hesabu iliyo juu ya ukumbi wa kukatia sponji, mahali ambapo harufu ya gundi hupanda ngazi kabla ya watu na vumbi jepesi la sponji hutua juu ya kila karatasi. Alikuwa pale muda mrefu, na kazi yake aliijua. Lakini ile mitihani ya bodi, inayomfanya mtu awe mhasibu kamili wa kuweka sahihi yake, aliifaulu yote isipokuwa wa mwisho. Alianguka, akaurudia, akaanguka tena. Akasema anapumzika kidogo. Mapumziko yakazaa miaka. Nyumbani hakuna aliyejua tofauti ya mhasibu na mhasibu kamili, naye hakuona haraka ya kuwaeleza.

Kinanda akaanza masomo, na kila Jumamosi akawa anakuja na begi lake kwenye meza ya kulia chakula ya dada yake.

Mwanzo ulikuwa mzuri, kwa Mhasibu. Kinanda hakuelewa kitu. Aliuliza kwa nini pesa ikiingia inaandikwa kushoto na ikitoka inaandikwa kulia, na kwa nini benki wao wanasema kinyume. Alichanganya mali na mapato, akakaa akiuma kalamu kama mtoto. Siku hizo Mhasibu alifundisha kwa upole wa kweli, akamkatia matunda, akamwambia kila mtu huanza hivyo. Akajiambia kwamba gere yote ile ilikuwa upuuzi na sasa imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Ilikuwa imesinzia tu. Kinanda alizoea kujifunza kinanda: kurudia kitu kimoja, kukirudia, kukirudia, mpaka vidole vikijue bila kuuliza kichwa. Alizifanyia hesabu vivyo hivyo. Ghafla akaacha kuuliza maswali ya kitoto, akaanza kuuliza yale yanayomfanya Mhasibu asimame kidogo kabla ya kujibu. Akasimulia jinsi alivyokokotoa swali ubaoni na darasa likampigia makofi.

"Makofi darasani?" Mhasibu akauliza. "Sisi hatukuwahi kupigiana makofi."

"Ni yule daktari wa mifugo aliyeanza. Wengine wakafuata."

Hata huko, basi. Hata kwenye mizania palikuwa na watu wa kumpigia makofi. Jumatano iliyofuata mama akapiga simu kazini kwa Mhasibu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Umesikia? Mdogo wako ameongoza jaribio," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa." Mhasibu akashukuru, akaweka simu, akakaa akiutazama ukuta mpaka karani wa pembeni akamwuliza kama anaumwa.

Roho ya kwa nini ina tabia moja: haiombi ruhusa, inasubiri nafasi. Nafasi ilikuja Kinanda alipopata mafua makali akakosa somo la mali za kukodi. Jaribio lilikuwa karibu. Akaja kwa dada, pua nyekundu, kuomba kitabu.

Mhasibu alikuwa na vitabu viwili vya somo hilo rafuni. Kimoja kilikuwa cha enzi zake za chuo, na kilifundisha utaratibu wa zamani: ukikodi ghala kwa miaka mingi, unaandika kodi tu kama gharama kila inapolipwa, basi. Cha pili kilikuwa kipya. Viwango vilibadilika, na siku hizi haki ya kulitumia ghala lile huandikwa kama mali, na malipo uliyoahidi huandikwa kama deni. Mabadiliko hayo Mhasibu aliyajua kuliko mtu yeyote mtaani kwake, maana ni yeye aliyezipanga upya hesabu za maghala yote ya kiwanda.

Mkono ukaenda kwenye kile cha zamani. Hakusema uongo hata neno moja. Alikivuta tu, akapangusa jalada kwa kiganja, akakitoa.

"Chukua hiki. Mimi mwenyewe nilisomea hiki."

"Asante, dada. Ningefanyaje bila wewe?"

Jioni hiyo mara mbili alishika simu ampigie, mara mbili akaiweka. Akajiambia kwamba mwalimu wao atakuwa amewaeleza. Akajiambia kwamba mtu mzima husoma tarehe ya kitabu kabla ya kukifungua. Akajiambia mengi, na siku ya jaribio ikapita.

Jumamosi Kinanda alikuja bila kicheko chake. Mhasibu alimwona akija kupitia dirishani. Alikuwa amejiandaa kwa lolote, kwa matusi, kwa machozi, hata kwa mama kuhusishwa. Alikuwa na majibu yake tayari mfukoni.

Kinanda akafunga mlango wa sebuleni, ambako watoto walikuwa wakitazama televisheni. Akaketi. Akashusha sauti.

"Dada, nataka kukwambia jambo. Usikasirike."

"Sema."

"Lile swali la mali za kukodi nimelikosa lote. Mwalimu ameandika pembeni kwamba huo ni utaratibu uliokwishafutwa." Akazungusha pete kidoleni. "Aliniuliza nani amenifundisha. Nikamwambia nimejisomea mwenyewe. Sikutaka kukutaja."

Mhasibu akangoja shoka lishuke.

"Sheria ilibadilika, dada. Najua kazi inakubana, na watoto, huna muda wa kufuatilia kila kitu. Wala si aibu. Lakini nimeogopa, nikasema, je, wakija wakaguzi pale kiwandani wakamkuta dada yangu bado anaandika hivyo?" Akafungua begi akatoa karatasi zilizoandikwa kwa mwandiko safi, zimepigwa mistari kwa rula. "Nimekuletea maelezo. Tuyapitie wote wawili, kimyakimya, kabla hawajakushika."

Majibu yote yaliyokuwa mfukoni yakawa hayana kazi. Mhasibu angeweza kusema, "Hayo nayajua, tena nayajua kuliko mwalimu wako." Na Kinanda, ambaye hakuwa mjinga, angeuliza swali moja tu: sasa mbona ulinipa kile? Njia ya kutokea ilikuwa moja, nayo ilipitia hapo. Ama aonekane mbaya, ama aonekane hajui. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumdhania hajui.

"Mimi nilikuwa..." alianza.

"Usijitetee, dada. Sogeza kiti."

Akasogeza kiti.

Alasiri nzima alifundishwa kitu alichokuwa amekifundisha kiwanda kizima. Kinanda alichora ghala, akachora mwenye ghala, akachora mshale. Alieleza kwa subira, akirudi nyuma kila alipoona dada amekaa kimya, akidhani ukimya ule ni wa mtu aliyepotea. Na lililomchoma Mhasibu kuliko yote ni kwamba alieleza vizuri. Mwenyewe, siku alipowaeleza wenzake kazini, alitumia mkutano mzima na watu wakatoka wakikuna vichwa.

"Umenipata?"

"Nimekupata."

"Haya, nieleze wewe sasa, nione."

Mhasibu akaeleza. Alijaribu kusitasita ili ifanane na mtu anayejifunza, lakini yalikuwa yamekaa mno kichwani, yakatoka kama maji.

Kinanda akamwangalia kwa furaha. "Unaona? Kichwa chako bado chepesi. Ni mazoezi tu umekosa."

Mhasibu alijikaza.

Kinanda akakusanya karatasi, lakini hakuinuka. "Nikwambie kitu?" alisema. "Kozi hii sikuiingia kwa ajili ya kazi tu. Nilikuwa nakuonea gere."

"Mimi?"

"Wewe. Mama akitaka kunionyesha kwa wageni, ananiita mimi. Akitaka kujua afanye nini na nyumba yake, anakuita wewe. Mimi ni kama pazia, dada. Watu wanasifu, kisha wanalivuta pembeni waone dirisha."

Hapo palikuwa mahali pake. Neno lilipanda mpaka ncha ya ulimi: nilikupa kitabu kile makusudi. Lilikaa hapo kitambo kidogo, likageuka likarudi lilikotoka.

"Chai imepoa," Mhasibu akasema. "Ngoja nikaipashe moto."

Hakumwambia siku ile, na hakumwambia baadaye. Lakini kile kitabu cha zamani aliporudishiwa alikichana, akatumia kurasa zake kuwashia jiko la mkaa, na mumewe alipouliza akasema panya wamekila.

Kinanda alimaliza kozi yake, si wa kwanza darasani, maana yule daktari wa mifugo alimpita, ila miongoni mwa wa mbele. Mwaka haujageuka, nafasi ikatokea ofisi ya hesabu kiwandani kwa dada yake. Mkuu wa hesabu, mtu mrefu mwembamba aliyeishi na kijiti cha meno mdomoni, alimwita Mhasibu akamwekea mbele karatasi ya maombi ya kazi.

"Huyu ni ndugu yako?"

"Mdogo wangu."

"Ni mtu wa muziki."

"Alikuwa."

Mkuu akahamisha kijiti upande wa pili. "Nikimchukua, nitajuta?"

Ilikuwa rahisi mno. Wala asingehitaji kusema vibaya. Angevuta pumzi tu, akasema, "Ndugu ni ndugu, bosi, sipendi kuingilia," na karatasi ile ingekwenda chini ya nyingine. Alihisi pumzi yenyewe ikijiandaa. Lakini kumharibia mdogo wake alikwisha kujaribu mara moja, na kulimgharimu alasiri ambayo hakutaka kuiona tena maishani.

"Hutajuta," alisema. "Anajua kazi. Na asichokijua atakirudia mpaka akijue."

Alitoka humo akiwa na hasira na yeye mwenyewe.

Kinanda akaajiriwa, na mambo yakawa kama dada yake alivyoogopa. Mwezi haujaisha, wakata sponji waliokuwa wakimwamkia Mhasibu kwa heshima na kumpisha ngazini, wakaanza kupanda wenyewe ofisini kuuliza hili na lile kwa Kinanda, na kubaki wakicheka. Mtunza stoo, mtu aliyekuwa haleti hati zake mpaka afuatwe, akawa anazileta kwa wakati, tena zimenyooka. Gere ikaamka, ikajinyoosha. Kisha siku moja wakati wa chakula Kinanda akasema anajiandikisha mitihani ya bodi.

"Yote?" Mhasibu akauliza.

"Pole pole, mpaka wa mwisho. Wewe wa mwisho ulikuwaje, dada? Mgumu?"

Mhasibu akatafuna tonge lake muda mrefu. "Una mambo yake," alisema.

Alasiri hiyohiyo aliomba ruhusa, akaenda kujiandikisha mtihani alioukimbia miaka yote ile. Tusimpambe: hakwenda kwa kupenda elimu. Alikwenda kwa sababu hakuweza kuvumilia wazo la Kinanda kufika mahali pale kabla yake. Nia njema ilishindwa miaka na miaka kumwinua kitini. Wivu ulimwinua kwa mlo mmoja. Akawa anaamka alfajiri, anasoma kwenye meza ileile ya chakula, anarudia swali moja, analirudia, analirudia, na alijua fika namna hiyo ya kusoma ameiiga kwa nani.

Akafaulu. Alama hazikuwa za kujivunia, lakini kufaulu ni kufaulu. Akampigia mama.

"Mtihani wa nini, mwanangu? Kwani wewe hukuwa umeshamaliza?"

"Ulikuwa umebaki mmoja, mama."

"Muda wote huo?" alisema. "Na hukusema."

"Sikusema."

"Basi pole. Na hongera." Mama hakuongeza kitu, na sauti yake ilikuwa ndogo, lakini Mhasibu alikaa na hongera ile siku nzima, maana ilikuwa yake peke yake.

Kinanda naye alimpongeza, ofisini, mbele za watu. Alisema maneno yote yanayotakiwa. Ila macho yalichelewa kidogo kutoka kwenye kompyuta, na tabasamu likafika upande mmoja tu wa mdomo. Alikuwa ameanguka mtihani wake wa pili wiki hiyohiyo. Mhasibu aliliona, na kusema kweli lilimpoza kama maji ya mtungi. Baadaye, chooni, akinawa mikono, alijitazama kwenye kioo na hakupendezwa sana na alichokiona, lakini hakuweza kukana kwamba kifua kilipoa.

Mwisho wa mwaka kiwanda kilifunga hesabu. Siku ya kuhesabu bidhaa mashine zilizimwa, na dada wawili wakashuka ukumbini na mbao zao za kuandikia, wakatembea katikati ya minara ya magodoro. Kinanda alikwama kwenye yale ambayo hayajamalizika. Alisimama mbele ya rundo, akaandika, akafuta, akaandika tena. Swali la namna hiyo ndilo lililomwangusha kwenye mtihani.

"Dada," alisema mwishowe, bila kumtazama. "Hapa sijui nafanyaje."

Mhasibu akaja akasimama kando yake. Ile gere ilikuwa bado ipo kifuani, kama jino bovu ambalo siku hiyo limeamua kutouma. Alijua pia kwamba akimweleza hili vizuri, Kinanda atafaulu mtihani ujao, na ule unaofuata, na siku moja watakaa sawa.

Akamweleza. Alianza na sponji, akaja kwenye kitambaa, akaja kwenye kazi ya mikono ambayo watu wengi huisahau, akaonyesha kwa kidole lipi limefika nusu ya safari na lipi robo, na makosa ambayo yeye mwenyewe aliyafanya mwaka wake wa kwanza pale. Hakubakiza kitu.

"Rudia hapo," Kinanda akasema, kalamu mkononi. "Lile lililokatwa sponji lakini halijashonwa."

Akarudia.